Nani aliyetunza mbegu kabla ya Kitale?

*Historia ya mahindi ya Kenya inawataja watafiti, kampuni na nambari za mbegu. Jikoni na ghalani, mbegu zilikotunzwa vizazi na vizazi, hakuna jina lililoandikwa. Uamuzi wa mahakama umelirudisha swali hilo mezani.*

CHWELE, BUNGOMA – Wiki chache kabla ya mvua za masika, mnunuzi anainama juu ya turubai lililotandazwa chini, anachota konzi ya maharage na kuyasambaza kiganjani. Anatupa yaliyotobolewa. Anatazama rangi. Ndipo anapouliza swali ambalo soko zima la Chwele linalijua.

“Mama, hii ni ya kupika ama ya kupanda?”

Maharage ni yale yale, gunia ni lile lile, na kipimo ni gorogoro lile lile. Lakini kwa miaka mingi jibu la muuzaji liliweza kumtenga na watoto wake. Akisema ya kupika, ameuza chakula. Akisema ya kupanda, ameuza mbegu isiyothibitishwa, kosa ambalo adhabu yake ilifika faini ya shilingi milioni moja, kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Wauzaji wengi hawakuwahi kusikia habari za sheria hiyo. Waliosikia walijifunza kutabasamu na kumwachia mnunuzi ajijibu mwenyewe.

Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kuhifadhi, kugawana na kubadilishana mbegu vinakwenda kinyume na Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15 waliopinga Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326.

Magazeti yaliandika habari hiyo kama ushindi wa “wakulima”. Ni kweli, ila neno hilo limefunika jambo. Huku Bungoma na jirani yake Trans Nzoia, mtu aliyechagua mbegu ya wimbi, maharage, kunde na saga, akaikausha, akaificha na kumpa bintiye siku alipoolewa, alikuwa mwanamke. Kazi hiyo aliifanyia mahali ambapo wanahistoria hawana mazoea ya kuingia: juu ya mafiga, ghalani na kwenye uwanja wa kupuria nafaka.

Jiko lililokuwa bohari

Anayetaka kuona bohari la mbegu la zamani asitafute mlango wenye kufuli. Atazame juu, kwenye mapaa ya jiko la kuni.

Mahindi yaliyoteuliwa kuwa mbegu yalifungwa pamoja kwa maganda yake na kuning’inizwa pale moshi unapopita asubuhi na jioni. Moshi uliyakausha, na masizi yaliyoganda juu yake yaliwafukuza fukusi. Maharage yalichanganywa na majivu, kwa kuwa chembe za majivu humkwaruza mdudu na kumnyonya unyevu mpaka afe. Mbegu za saga, managu na mrenda, ambazo mtu akipiga chafya ameshazipoteza, zilitiwa kwenye vibuyu vidogo au zikafungwa kwenye pindo la kitambaa.

Wimbi, ambalo Wabukusu huliita bulo, lina habari yake. Hii ni nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za upande huu wa Afrika maelfu ya miaka kabla ya mahindi kuvuka bahari ya Atlantiki. Punje yake ni ndogo mno hata fukusi hapati pa kukaa ndani yake. Wimbi lililokauka sawasawa huweza kulala ghalani miaka kumi na bado likasagwa uji. Kwa hiyo ghala la wimbi lilikuwa akiba ya njaa, na mwenye kulifunga na kulifungua alishika uhai wa boma mkononi.

Kazi ya kuteua ilianzia shambani. Kabla ya mavuno, mwanamke alipita kati ya mimea akikagua: suke lipi limejikunja na kujaa, lipi limekomaa mapema, lipi lilisimama mvua ilipowaangusha wenzake. Alikata kwa kisu kidogo, suke moja baada ya jingine, na yale ya mbegu akayatenga na ya kula.

Mtaalamu mwenye koti jeupe akiifanya kazi hiyo huitwa mzalishaji wa mbegu. Anaandika ripoti, na mbegu yake inapewa jina. Mwanamke wa Kimilili aliirudia kila msimu, mwenzake wa Kapsokwony akaifanya kule juu kwenye baridi ya Mlima Elgon, na baada ya vizazi kadhaa kila mmoja alikuwa na wimbi linalojua udongo wake. Hakuna aliyeandika ripoti.

> Mwiko ulimpa mwanamke mamlaka juu ya ghala. Mwiko huo huo ukamweka nje ya vitabu.

Katika boma la Kibukusu la wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, mafiga yake na ghala lake. Mpangilio wa maboma ya Waluhya, ambao Wabukusu ni sehemu yao, umo katika vitabu viwili vinene vya Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti eneo hilo, likiitwa Kavirondo Kaskazini, kati ya mwaka 1934 na 1938. Mwanaume kuchungulia chungu cha mkewe au kujipimia nafaka ghalani ilihesabiwa mwiko na aibu kubwa.

Naamini hapa ndipo tatizo la historia lilipoanzia. Mwiko ulimlinda mwanamke dhidi ya mume mwenye mkono mrefu. Lakini walioshika kalamu, kuanzia maafisa wa kikoloni na wamisionari hadi wasomi wetu wa kwanza, karibu wote walikuwa wanaume. Waliketi uani na wazee, wakapokea mrija wa busaa, wakaandika habari za vita na koo. Busaa yenyewe ilitengenezwa kwa kimea cha wimbi kilichooteshwa na mama aliyekuwa jikoni, hatua chache kutoka walipoketi.

Kuta za Chetambe

Chukua Chetambe, kilima kilicho juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895 majeshi yaliyoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na wapiganaji wa jamii nyingine waliojiunga naye, yaliwashambulia Wabukusu katika ngome za udongo za Lumboka na kisha Chetambe. Mtoto wa shule Bungoma anaweza kukutajia Mukite wa Nameme, shujaa wa upande wetu, na bunduki ya Maxim ya upande ule.

Lakini kuta zile za udongo zilizozungukwa na handaki hazikuwa kambi ya askari. Vilikuwa vijiji. Wabukusu waliviita chingoba, na ndani yake kulikuwa na ng’ombe, watoto, wanawake, mafiga na nafaka. Watu waliojifungia kuta wakingoja adui walikula nini? Swali hilo ni la kijeshi kabisa, na jibu lake liko ghalani, ila masimulizi ya vita vile yameishia kwenye mikuki na risasi.

Mwaka 1947 Elijah Masinde aliwaongoza maelfu ya wafuasi wa vuguvugu lake la kidini, Dini ya Msambwa, hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Habari za vuguvugu hilo, ajabu ya Mungu, baadaye ziliandikwa kwa kina na mwanamke, mwanasosholojia Audrey Wipper, katika kitabu chake cha mwaka 1977. Hata hivyo waliobaki midomoni mwa watu ni Masinde na wanaume waliofungwa naye.

Mwaka wa reli na wadudu

Mji wa Kitale, makao ya mbegu za mahindi huko Trans Nzoia, ulizaliwa kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakulima Wazungu, wengi wao wanajeshi waliostaafu, walimiminika Trans Nzoia na kugawiwa ardhi. Familia za Kiafrika zilihamia humo kama maskwota: mume aliandikwa kibarua, mke na watoto wakapalilia, wakavuna na kupukuchua mahindi ya bwana, kisha wakarudi kwenye kipande kidogo walichoruhusiwa kulima chakula chao. Kwenye karatasi za mwajiri mfanyakazi alikuwa mume.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mwaka huo huo Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyependa wadudu na ndege kupita kiasi, alianzisha jumba lake la makumbusho katika eneo hilo. Alifariki mwaka 1966 akiwa amewaachia Wakenya mkusanyiko wake, na mwaka 1974 makumbusho ya Kitale yakafunguliwa, ya kwanza miongoni mwa makumbusho ya mikoani upande wa bara. Mbali na wadudu na ndege, leo mgeni huonyeshwa maboma ya mfano ya jamii za Magharibi, yakiwemo ya Waluhya na ya Wasabaot, ambako watoto wa shule hupelekwa kuona nyumba za babu zao. Na za bibi zao, ningeongeza, kwa kuwa aliyeshinda humo mchana kutwa ni bibi.

Mkusanyaji wa wadudu ana nidhamu ya kupendeza. Kila mdudu hupigwa pini na kuwekewa kijikaratasi: alinaswa wapi, tarehe ipi, na nani. Kibuyu cha mwanamke kilipoingia katika makumbusho mengi ya zama hizo, kuanzia London hadi Nairobi, kilipata maneno mawili matatu: aina ya chombo na jina la kabila. Aliyekikuza shambani, akakitoa mbegu, akakikausha, akakishona kilipopasuka, hakuulizwa jina. Kwenye makabati hayo, nondo ana wasifu mrefu kuliko fundi.

Jina lake ni 573

Kazi ya kitaalamu ya kuboresha mahindi ilianza Kitale mwaka 1955 chini ya mtafiti Michael Harrison. Mwaka uliofuata kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo, kwanza kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Kisha mwaka 1964 ikatoka H611, chotara iliyobadilisha kilimo cha nyanda za juu.

Wazazi wa H611 wanajulikana. Mmoja ni Kitale Synthetic II, iliyotokana na mahindi meupe yaliyokuwa tayari yanalimwa Kenya. Mwingine ni mahindi yaliyoletwa kutoka milima ya Amerika Kusini, yakaandikwa Ecuador 573.

Tua hapo kidogo. Ecuador 573 haikutoka maabara. Ilikuwa mbegu ya wakulima wa milimani, iliyoteuliwa gunzi kwa gunzi na watu wa Andes kwa karne nyingi, kabla mtafiti hajapita na mfuko wake. Nusu ya ufanisi wa Kitale ilitoka kwenye akiba ya mtu wa mbali ambaye kilichobaki cha kumtambulisha ni tarakimu tatu.

Nayo chotara ilifanya kazi. Ilienea kwa wakulima wadogo wa Magharibi kwa kasi ambayo mtafiti John Gerhart, katika ripoti yake ya mwaka 1975, aliilinganisha na ile ya wakulima wa mahindi wa Marekani miongo michache nyuma. Baadaye ikaja H614, ambayo hadi leo mkulima wa Trans Nzoia huitaja kwa nambari bila hata kutamka herufi.

Maharage nayo yana mkasa wake. Mradi wa mikunde wa Thika ulitoa aina zilizoandikwa GLP na nambari, na mengi ya maharage hayo yalitokana na yaliyokuwa tayari mikononi mwa wakulima. GLP 585 sokoni huitwa Wairimu. Sijui aina nyingine ya mbegu nchini inayobeba jina la mwanamke kwa uwazi kama huo, na jina lenyewe lilitoka kwa watu wa sokoni. Kwenye orodha rasmi yeye ni 585.

Bwana shamba alipita wapi?

Serikali huru ilirithi imani kwamba mkulima ni mwenye shamba, na mwenye shamba ni mwanaume. Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Kathleen Staudt alilinganisha mashamba ya Kakamega, jirani kabisa na Bungoma. Aliyagawa mafungu mawili: yaliyokuwa na mume nyumbani, na yaliyoendeshwa na mwanamke peke yake kwa sababu mume alikuwa mjini akitafuta kazi, au hayupo tena.

Matokeo yake bado yanasomwa vyuoni. Mashamba ya wanawake yalitembelewa mara chache zaidi na maafisa wa kilimo, yakapata mafunzo na mikopo kidogo zaidi, na pengo hilo lilibaki hata alipolinganisha familia zenye uwezo sawa. Afisa alipita njia, akaona hakuna mwanaume uani, akaendelea na safari.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa inabadilika. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975, na miwa ikala mashamba. Miwa ina mkataba, na mkataba una sahihi ya mwenye ardhi. Wimbi halina mkataba. Lilisukumwa pembezoni, kisha kwenye kona ya nyuma ya nyumba.

Sheria ya mbegu ya mwaka 1972, Sura ya 326 ile ile, ndiyo iliyokamilisha mzunguko. Mbegu ikawa ile tu iliyokaguliwa, ikathibitishwa na kufungwa kwenye pakiti. Iliyokuwa ikining’inia juu ya mafiga ikawa nafaka tu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Itakuwa dhuluma kusimulia kisa hiki kana kwamba Kitale ilikuja kuwaibia akina mama. Ukisimama nje ya duka lolote la pembejeo mjini humo mwezi Machi, utaona ni nani yuko kwenye foleni. Wengi ni wanawake, pesa zimefungwa kwenye kona ya leso, na muuzaji akiuliza “Mama, wataka 614 ama 6213?” jibu linatoka bila kusita. Chotara zimejaza magunia, na magunia yamelipa karo.

Wanaotetea udhibiti wa mbegu wana hoja nzito. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa virusi vya mahindi uligunduliwa Bomet, ukakausha mashamba mazima, na mbegu ni mojawapo ya njia za kuusambaza. Mbegu bandia ni janga lingine: punje za kawaida zinapakwa rangi, zinatiwa kwenye pakiti inayofanana na ya kweli, na mkulima anagundua wiki tatu baadaye kwamba amezika pesa zake. Taasisi ya serikali inayokagua mimea na mbegu, KEPHIS, ililazimika kuweka kwenye pakiti kibandiko cha kukwaruza ili mnunuzi ahakikishe kwa simu. Mama aliyepoteza msimu kwa njia hiyo hatakuelewa ukimwambia sheria ya mbegu ni ukoloni.

Tena chotara ukiirudia kupanda, kizazi cha pili hupungua nguvu. Hilo ni suala la maumbile, na hakuna jiko lenye moshi wa kulitibu.

Vilevile tusiyatie mapambo maisha ya wimbi. Palizi yake huvunja mgongo, kwa kuwa magugu yake hufanana nalo likiwa changa, na kulipura na kulipepeta ni kazi ya siku nyingi. Wanawake waliolitupa na kukumbatia mahindi walijua walichokuwa wanafanya.

> Kwa mazao yasiyo na faida kwa kampuni, sheria ilimzuia mama sokoni, na dukani hakukuwa na pakiti ya kununua.

Upande wa pili unajibu kwa kuonyesha rafu za duka. Mahindi yamejaa. Lakini wimbi, kunde na aina nyingi za maharage, mkulima akinunua mbegu leo anaweza kujihifadhia miaka kadhaa bila kurudi, kwa hiyo kampuni haina haja ya kujisumbua. Sehemu kubwa ya mbegu ya maharage inayopandwa nchini hutoka kwa wakulima wenyewe na masokoni, pale Chwele na kwingineko. Kwa mazao hayo, mfumo usio rasmi ndio mfumo. Kuuharamisha ilikuwa kuharamisha chakula cha mchana.

Mboga za kienyeji ni ushahidi mwingine. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT, mzaliwa wa Magharibi, ametumia miongo kadhaa kuthibitisha kisayansi thamani ya saga, managu, mrenda na wenzake, mboga zilizodharauliwa kuwa za maskini. Sasa zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Mbegu za kuanzia utafiti wa namna hiyo hazikununuliwa dukani, kwa sababu duka hilo halikuwepo.

Nambari 26

Nchi inayo benki ya mbegu ya taifa huko Muguga, iliyoanza kazi mwaka 1988. Humo, kwenye vyumba vya baridi, zimehifadhiwa makumi ya maelfu ya sampuli. Zipo za wimbi. Zipo za mtama na mikunde. Na akiba ya dunia iko Svalbard, Norway, ndani ya mlima ulioganda kwa baridi. Lango lake lilipofunguliwa Februari 2008, mmoja wa waliobeba kasha la kwanza la mbegu kuliingiza ndani alikuwa Mkenya, marehemu Profesa Wangari Maathai.

Kila sampuli katika benki kama hizo ina taarifa zake, na wataalamu huziita pasipoti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na washirika wake walikubaliana orodha ya kimataifa ya mambo ya kujazwa: jina la mmea, taasisi iliyokusanya, nambari ya mkusanyaji, nchi, kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe.

Kuna kipengele kimoja kinachonivutia kuliko vyote, kile cha mahali mbegu ilipopatikana. Kinajazwa kwa nambari. Shamba lililolimwa ni 21. Bustani ya nyumbani au ya jikoni ni 23. Ghala la mkulima ni 26. Uwanja wa kupuria ni 27. Soko au duka ni 30.

Yaani walioitunga fomu hiyo walijua. Walijua kwamba mtafiti anayetafuta mbegu bora atapelekwa kwenye bustani ya jikoni, ghalani, uwanja wa kupuria na sokoni, na wakazitengea sehemu hizo nambari zake. Kipengele cha mzalishaji wa mbegu kipo, kwa ajili ya taasisi inayoizalisha. Cha mtoaji wa sampuli kipo pia, na kwa kawaida hujazwa jina la taasisi. Mkulima aliyefungua ghala hakutengewa kisanduku chake.

> Ghala lina nambari. Uwanja wa kupuria una nambari. Mwenye ghala hana.

Kwa mtafiti wa historia, hata hivyo, fomu hiyo ni hazina. Anayetaka kuandika habari za wanawake wa Bungoma hatapata shajara zao wala barua. Lakini nambari 26 kwenye taarifa za sampuli inamwambia kwamba siku fulani, mahali fulani, mtafiti alisimama mlangoni pa ghala, na kwamba aliyekuwa na ruhusa ya kuingiza mkono ndani alikuwa mama mwenye boma. Tarehe ipo. Kijiji kipo. Katika vijiji vingi wajukuu wake wangalipo, na wanakumbuka.

Hiyo ndiyo kazi ninayodhani makumbusho ya Kitale yanaweza kuifanya kuliko taasisi nyingine yoyote nchini. Yana maboma ya mfano uani. Yamezungukwa na mji wa mbegu: Kenya Seed iko hapo hapo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko hapo hapo. Orodha za Muguga zinaweza kusomwa upya kwa kijiji na kwa mwaka, na wazee wakaulizwa ni boma la nani. Ghala la maonyesho likiwa na mbegu hai ndani na jina la mwanamke mlangoni litasomwa na mtoto wa shule kwa namna tofauti kabisa.

Jina litakaloandikwa

Wapo watakaosema hayo ni ya kujifurahisha, tule kwanza. Lakini baada ya uamuzi wa Novemba, suala la jina lina pesa ndani yake. Ikiwa mbegu za wakulima zitatambuliwa kisheria, itabidi kuwe na daftari: aina hii ya maharage ni ya nani, inatoka wapi, nani anaruhusiwa kuiuza, na kampuni ikiitaka kwa utafiti itazungumza na nani. Kikundi cha akina mama? Kaunti? Ukoo? Mwenye shamba?

Jibu la mwisho ndilo rahisi kwa afisa mwenye haraka, na ndilo la kuogopwa. Shirika la Kenya Land Alliance lilichambua karibu hatimiliki milioni moja kati ya zile zilizotolewa nchini kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, na likakuta wanawake wamepata asilimia 10.3 tu. Daftari la mbegu likifuata hatimiliki, wimbi lililoteuliwa na bibi, likahifadhiwa na mama na kupandwa na binti litaandikwa kwa jina la mjomba anayeishi Nairobi.

Hakuna sheria inayolazimisha iwe hivyo. Kinachohitajika ni kipengele kimoja kwenye fomu, kinachouliza ni nani aliyeteua na kuhifadhi mbegu hii, kando na kile kinachouliza shamba ni la nani. Kilimo kimegatuliwa, na Bungoma na Trans Nzoia zina idara zake za kilimo na mabunge yanayoweza kutunga sheria. Kaunti hizo hazihitaji kungoja Nairobi ili kuanza kuorodhesha, na wanawake wanaojua ni mbegu ipi ilitoka kwa nani wengi wao sasa wana umri wa miaka sabini na kwenda juu.